Kondoo Aliyesomewa Mara Mbili

Jumanne jioni Bwana Farka alisimama buchani,
ukungu wa Mufindi bado umemganda kofiani,
akasema: Sitaki steki. Sitaki mbavu.
Nataka tumbo, moyo, ini, na yale mapafu
unayowatupia mbwa wa stendi.

Nikacheka. Nilidhani Kiswahili kimemponyoka.
Miaka kumi na tisa nauza nyama Mafinga,
mzungu na utumbo sijawahi kuwaona kwenye mzani mmoja.
Akarudia, safari hii kwa kidole, tumboni pake.

Nikachinja Ijumaa alfajiri. Bismillahi,
kisu mara moja, damu ikafuka kwenye baridi.
Tumbo nikaliosha maji saba, nikaligeuza ndani nje
kama soksi ya mtoto wa shule,
nikalipeleka mwenyewe kwa bodaboda.
Akalipa, na juu ya malipo kadi:
Jumamosi, saa moja usiku, klabuni. Njoo na njaa.

Klabu ile naijua kwa upande wa nyuma.
Baba alipitisha kuni huko sijaota meno;
mlango wa mbele aliujua kwa kuupaka rangi.
Nikafika na kanzu ya pasi, nikaanza kuzunguka
kuelekea jikoni, miguu yangu ikifuata yake,
mpaka Tulizo Sanga akaita: Bucha, huku!

Tulizo, fundi wa boila, Mkinga wa Bulongwa,
kavaa sketi ya mirabaraba, soksi hadi magotini,
kwapani mfuko wa ngozi wenye mabomba.
Akaupuliza. Kwanza ulinguruma kama boila yake,
kisha ukalia,
kilio chembamba cha mtu aliyesahau njia ya kwao.
Nurali wa duka la vipuri akaziba sikio moja.
Lile jingine akaliacha wazi.

Mezani: Sista Imelda wa Tosamaganga,
Bibi Despina, aliyezika mume na tumbaku mwaka mmoja,
waonja chai, wahasibu, mimi.
Likaingia tumbo langu juu ya sinia,
limevimba, linang'aa, linafuka,
na watu wazima wakalisimamia kwa heshima.

Bwana Farka akalisomea shairi kwa lugha ya babu zake,
herufi zinakwaruza kama kijiko penye ukoko.
Sikuelewa neno. Nilielewa mkono:
kisu kikapanda, kikapanguswa, kikashuka.
Nami nilitamka changu kabla ya kisu.
Nikamnong'oneza Nurali: Kondoo huyu kasomewa mara mbili.
Akasema: Basi nipe pande la mara ya kwanza.

Wengine walimiminiwa maji ya rangi ya asali.
Bibi Despina alikunja uso, akasema ulanzi una adabu zaidi.
Mimi nilikunywa chai, ya kilima kilekile
kilichokuwa gizani nje ya dirisha.
Na tumbo je? Pilipili manga, nafaka, ini,
ladha ya siku ya tatu ya msiba,
nyama nzuri imekwisha na wajomba bado wapo.
Nikaongeza. Nikaongeza tena.

Pande moja nililifunga kwenye karatasi ya fedha.

Kamwene, mama.
Alikuwa macho, vidole vyake karibu na jiko,
vidole vya miaka thelathini na mmoja ya majani mabichi,
havinyooki tena, hata kwa salamu.
Nikamwambia: Chakula cha sikukuu cha kina Farka.
Akatafuna upande wenye meno, polepole,
kama anayesikiliza.

Kumbe, akasema.
Kumbe na wao iliwahi kuwashika.
Nini, mama?
Njaa. Aliyeshiba hashoni tumbo.

Akatafuna tena.
Ulipita mlango gani?
Nikamwambia.
Moto ulipasua kijiti. Akalamba kidole gumba,
akakunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni.

Mwambie, akasema, chumvi iko sawa.
Pilipili nitampelekea mwenyewe.