Hapana Kitu

Mimi ni karani wa mizani, mwalo wa Igombe.
Kazi yangu ni kalamu, daftari,
na kukaza uso ninapomwambia mtu kilo zake hazikufika.

Sangara mmoja ana bei tatu.
Minofu inapanda ndege.
Bondo linakaushwa, linafichwa, linalindwa kuliko mtoto.
Panki, yaani kichwa na mifupa,
hilo letu, linakaangwa hapo nyuma ya ghala
na harufu yake haina risiti.
Hakuna samaki aliyenipita bila namba.

Mwaka juzi alikuja bwana mpimaji,
akasimama ukingoni, viatu mkononi,
akauliza: Hapa pana nini?
Masalu, msusi wa mikeka, akajibu: Pana mafunjo.
Bwana akaandika: Hapana kitu.

Siku kumi na moja malori yalimwaga kifusi.
Tulikunywa chai yenye vumbi.
Vikatoka viwanja ishirini na vinne, vigingi vyekundu,
kila kimoja na bei yake, na bei ilipanda.
Kimoja ni changu. Sijifichi.

Masika ikafika.
Kijito kikashuka na tope lake lote,
na mifuko, na mavi ya mlimani,
kikapita moja kwa moja hadi ziwani
kama mgeni asiyebisha hodi.
Tukanunua dawa ya maji.
Tukanunua dawa ya tumbo.
Bituro alitega nyavu wiki nzima, akaleta sato wanne,
nikawapima, mkono wangu ukaona aibu kabla yangu.
Masalu sasa anauza mikeka ya plastiki.

Usiku nikafungua ukurasa mpya:
Mishahara ambayo hatukuwahi kulipa.
Kuchuja maji, mchana na usiku, bila likizo.
Kulea vifaranga vya sato.
Kumhifadhi kamongo kiangazi chote
(huyu sijui nimkadirie shilingi ngapi).
Nikajumlisha mara tatu, jumla ikakataa kukaa.
Ziwa halina mhuri. Ankara nimpelekee nani?

Nyumba yangu imekwisha, bati la bluu.
Unyevu umepanda ukutani hadi usawa wa dirisha,
na chumbani, penye ufa wa sakafu,
bua moja la funjo limechomoza, kijani, wima.
Mke wangu ameshika panga, ananisubiri.
Nami nimeshika kalamu,
sijui nimwandike safu ipi:
mpangaji,
au mwenye nyumba.