Vibandiko Mia Tatu na Kumi na Viwili

Nilivibandika mimi, Loretta Koehn,
msaidizi wa maktaba, shule ya upili ya Pell Creek,
Kansas magharibi, Agosti,
feni imekufa, gundi inanuka siki.
Kimoja kwa kila kitabu cha biolojia,
ndani ya jalada, juu kulia, kisipinde:
Mageuko ni nadharia tu.
Msomaji na apime mwenyewe.

Sikuwa na neno. Kazi ni kazi.
Bodi ilishapiga kura, wanne kwa watatu,
usiku ule ukumbi wa kikapu ulipofurika
hata watu wakakalia ngazi.
Viti nilipanga mimi.

Delbert Schrag alisimama, kofia mkononi.
"Sikuzaa watoto," alisema,
"ili waambiwe shuleni ni binamu wa nyani."
Makofi. Nami nilipiga.

Kisha akainuka mwalimu Imogen Tafoya,
sauti yake haivuki safu ya tatu,
akachomoa jino mfukoni.
Jino la papa, jeusi, refu kama kidole gumba,
aliloliokota shambani kwa Delbert huyohuyo,
kwa ruhusa yake,
kwenye korongo la chaki nyuma ya zizi.
"Kutoka hapa hadi baharini ni siku nzima kwa gari.
Mtoto akiniuliza limefikaje, nimjibu nini?"

"Gharika!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Gharika," akarudia, polepole,
kama anayeonja mchuzi wa jirani.
"Haya. Basi tuipime, tabaka kwa taba—"
Kengele ikalia.
Dakika tatu kila msemaji.
Delbert alikuwa amelikodolea macho lile jino.
Nadhani alitaka kulishika.

Nisikufiche: mimi ninasali.
Ninasali nikisugua masufuria, nikingoja treni ya ngano ipite,
behewa baada ya behewa.
Harlan alipokufa, sayansi haikuniletea chakula,
wanawake wa kanisani walileta, majuma sita,
na bakuli zao bado ninazo.
Hilo nalo lipimwe.

Februari hakimu akaamua: vibanduliwe.
Kazi ni kazi.
Nikaja na kikausha nywele na kisu cha siagi,
nikaketi peke yangu nyuma ya rafu za kamusi.
Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.
Gundi ilikuwa nzuri mno, niliichagua mwenyewe;
vingine vilitoka na ngozi ya karatasi,
vikaacha kovu la mraba, jeupe.

Cha mia mbili na saba kilitoka kizima.
Chini yake, majina ya waliokitumia,
mwaka juu ya mwaka, maana shule yetu hainunui vitabu vipya,
na la tatu kutoka juu, kwa penseli:
Weldon Koehn.

Mwanangu.
Agosti sikuona; nilikuwa nahesabu.
Pembeni amechora nyangumi, mbaya, kama kiatu,
na mshale hadi mkiani, na maneno haya:
mifupa ya nyonga. ya nini? muulize mama.

Aliniuliza kweli. Nakumbuka na chakula chenyewe:
viazi, maharage ya kijani.
Nilimwambia ale kabla hakijapoa.
Akala.
Hakuniuliza tena, hilo wala lingine,
na sasa yuko Duluth, anatuma kadi Desemba,
jina lake tu chini, kama risiti.

Vitabu mia moja na vitano vilibaki.
Nilivimaliza, sitaki mtu aseme.
Nyumbani nikaitazama simu hadi taarifa ya habari ikaisha,
nikabonyeza.

"Weldon. Nyangumi."
Kimya.
"Ile mifupa yao. Ya nini?"

"Mama," akasema, "ni saa sita usiku,"
na nikasikia kitanda kikilia,
mtu akiketi.