Ndoo ya Pili

Almora, saa kumi na moja alfajiri.
Hemlata anatandika mkeka juu ya saruji baridi;
goti la kushoto linalia kama bawaba.

Jana alimtukana Trilok, jirani yake,
kisa ndoo moja ya maji.
Tusi lile limelala naye,
limeamka naye,
sasa limeketi mbele yake, limekunja miguu.

Halifukuzi.
Anapitisha pumzi kando yake, polepole,
mpaka linasinzia lenyewe.

Theluji ya mlimani inashika rangi ya chungwa.
Ahsante, goti, anasema. Bado unakunjika.

Maji yaliyomwagika hayazoleki.
Huchotwa mengine.

Anashuka ngazi, ndoo imejaa,
sukari guru imefungwa gazetini,
anabisha kwa Trilok
na kungoja.
Pumzi inaingia.
Komeo linagusika.