Mwenye Funguo

Funguo ninazo mimi, mwalimu mkuu hana.
Kumi na moja. Mmoja haufungui kitu.

Ukitazama toka Kabete hutaona ngome,
utaona ukungu wa Julai na mikaratusi, basi.
Lakini minara ipo. Magoti yangu yanaijua.

Wa magharibi ni wa mvua. Watoto wa mwaka wa kwanza
hupanda na sufuria, huiita kwa jina lake la utotoni.
Juzi Halakhe alikosea silabi,
ikanyesha jivu. Nilifagia hadi saa nne.

Ule mfupi ni wa korongo vipara, wale wa dampo.
Barua wanapeleka, ila uwalipe matumbo,
na siri hawaweki.

Na ule uliopinda,
hapo ndipo stima hukimbilia ikipotea.
Kwani mlidhani inaenda wapi?
Kawangware ikizimika, ngazi huku huvuma kama mzinga,
na Mwalimu Nyaboke, glavu mpaka kiwikoni,
anaikinga kwa chupa, anabandika tarehe na mtaa.
“Ya utafiti,” husema.
Mwaka wa tisa huu, anatafiti.

Mimi hulala Kawangware.
Kathini wangu ana mtihani, na mshumaa
umeshaunguza kona ya daftari la hesabu.

Jana nilifagia polepole sana.
Nikitoka langoni ndoo ilikuwa nzito kidogo,
tambara juu yake liking'aa kwenye mishono.
Odindo bawabu akaitazama ndoo,
akanitazama,
akatazama mawingu.
“Leo kuna baridi,” akasema,
akafungua.