Nyuma ya Boksi la Plagi

Kalamu haikai vizuri katika vidole hivi,
vimezoea spana namba kumi na saba.
Lakini mali bila daftari, unajua mwisho wake,
nami daftari sina. Nina boksi la plagi.
Nimelichana, nikaligeuza upande usio na maandishi,
nikaandika juu: MWANTUMU. CHUO. MIAKA MIWILI.

Ada, laki moja na sitini kwa muhula. Mara nne.
Ovaroli mbili za bluu, si kama hizi zangu
ambazo rangi yake ya kwanza nimeisahau.
Buti zenye chuma puani.
Sanduku la vifaa: ninalo,
ila soketi tatu zimekimbia
na bisibisi moja nimeigonga mpaka ikawa patasi.
Kwa hiyo sanduku, laki mbili.
Nauli, sifuri. Mji wetu tambarare,
ana baiskeli, atakanyaga kutoka Gofu.
Kufuli. Ovaroli. Picha nne za pasipoti,
za pasipoti! Kana kwamba anavuka Horohoro.

Jumla ikazidi upana wa boksi.

Mimi nilisomea wapi?
Chini ya lori la katani, Pongwe,
kwa marehemu fundi Shekiondo, aliyefundisha kwa kofi.
Mwaka mzima naosha vyuma kwa petroli
kabla sijaruhusiwa kugusa nati.
Ada yangu ilikuwa ukucha mmoja, na meno haya mawili
siku jeki iliposema sasa basi.
Hayo nayo niyaandike? Safu ipi?

Halafu mwezi wa tatu
likaja gari la mwalimu mmoja wa Chumbageni,
taa ya injini inawaka, haizimi.
Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni,
kama daktari wa Bombo na mpira wake.
Injini ikapumua sawasawa. Haina kilio.
Nikabadili plagi. Nikasafisha nozeli. Taa inawaka.
Siku tatu.
Kijana wa barabara ya kumi na mbili
akachomeka kidude chini ya usukani,
akasoma, akasema: sensa ya oksijeni.
Dakika nne, elfu thelathini.
Mimi kwa siku tatu nililipwa pole.

Hiyo andika upande wa faida.

Ila kalamu, ngoja.
Hizza wa Mama Kibibi ana cheti,
kimo kwenye fremu, juu ya televisheni,
na mwaka wa pili huu anauza vocha stendi ya Kange.
Kila alikobisha wamemwuliza uzoefu,
kana kwamba uzoefu unauzwa kwa mafungu.
Cheti hakifungui nati iliyooteshwa kutu na chumvi ya pwani hii.
Na hiyo miaka miwili, nani atanishikia tochi?
Mkono wake mwembamba, unapita nyuma ya alternata
pale wangu unapokwama.
Hilo nililiandika, nikalifuta.
Si hesabu hiyo, ni uchoyo.

Mamake akapita na ndoo, akasoma kwa juu juu:
"Na mgongo wako, umeuandika?"
Akaenda zake kumwaga maji.

Mwenyewe yuko chini ya Noa, naona miguu tu.
Nikamwita. Akatoka kwa mgongo, oili shavuni,
akalishika boksi kwa ncha za vidole
asilichafue, kama lina usafi wowote.
Alisoma muda mrefu. Nikajua ananihukumu.
"Baba," akasema,
"ovaroli umezihesabu mara mbili."
Akarudi chini.

Pembeni pale imelala injini ya Pijo, mwaka wa tisa sasa.
Mwenyewe alisema anakwenda Mombasa, anarudi Ijumaa.
Nimeilindia mvua, nimeifunika turubai,
kuku wametagia humo.
Kesho wa vyuma chakavu akipiga kengele yake
nitamwambia asimame.
Mayai nitayatoa kwanza.