Kisanduku Kitupu

Kura ya Sikonge ilimpa Kalunde mizinga mitatu;
Mihayo ikampa kungoja.
Mwaka umepita, narudi na dodoso:
kilo ngapi za asali kwa kila mzinga?

Kwa Kalunde nyuki walihama.
Sifuri. Naiandika bila kusita,
mizinga ipo, nimeichungulia.

Mihayo alichoka.
Mizinga yake ya magome aliifanya kuni, akaenda Mpanda.
Kilo hakuna, mzinga hakuna.
Haya, gawanya.

"Jaza sifuri," msimamizi ananiambia kwa simu,
"au mfute."
Nikimfuta wanabaki wavumilivu tu,
na kundi lake linanenepa kwa uongo.

Naacha wazi. Pembeni, kwa penseli:
asali yake si kidogo, si nyingi.
Haina pa kuulizwa.