Gome la Mwaka Jana

Kiangazi kile kinu cha mbao kilipofungwa Naselle
baba naye alifunga choo, siku tano.
Maharagwe asubuhi, maharagwe jioni,
na yeye hasemi, ameketi ngazini
kama mlango uliovimba kwa mvua:
haufunguki, haufungiki.

Sisi watoto tulishinda msituni tukiambua kaskara.
Utomvu ukipanda, gome huachia lenyewe,
kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa,
na ndani ni njano ya kiini cha yai
inayogeuka hudhurungi kabla hujafika nyumbani.
Shina tulilikata, tusiliache limesimama uchi;
kisiki huchipua.
Uchungu ulihamia vidoleni.
Mkate mchungu. Maziwa machungu.
Urho alilamba kidole gumba kwa dau la gololi
akatema mate hadi jua likazama.

Bwana Teague alinunua kwa ratili, senti nane, kavu.
Alivunja kipande sikioni, asikie kama kinalia.
Yaliyobaki mama aliyapandisha darini,
akaandika mwaka kwa mkaa juu ya kiroba,
wala hakutuambia kwa nini.

Nilikuwa na miaka tisa.
Nilijua gome hili ni haluli,
kwamba Wachinook walilijua kabla ya meli yoyote,
kwamba Wahispania, wasemavyo watu, waliliita takatifu.
Nikachemsha la asubuhi ileile, bichi,
kikombe tele, na sukari yetu ya mwisho.
Baba alikinywa
kwa sababu nilikileta mimi.

Usiku ule sitausimulia.
Ndoo, basi. Na jinsi alivyojikunja kama waya,
akatapika mpaka akawa anatapika hewa,
akimwita kwa Kifini mama yake
aliyemwacha kaburini ng'ambo ya bahari.

Alfajiri Urho alimleta Bi Zelma, Mchinook, muuza chaza,
matope magotini, hasira usoni:
maji yalikuwa yamekupwa na chaza wake wanamngoja.
Akanusa sufuria. "La lini?"
"La jana."
Hakunionea huruma.
"Mwaka," alisema. "Likae mwaka mzima, kavu, ndipo linywewe.
Na hapo pia ni kipande cha ukucha, si kikombe.
Si kila siku. Utumbo huzoea, ukawa mvivu.
Na si kwa mwenye mimba."
Akamtazama mama.
Mama akakaza aproni.
Ndivyo nilivyojua kwamba tutaongezeka.

Alimnywesha baba maji ya chumvi, kijiko kwa kijiko,
akaondoka kabla maji hayajajaa.
Juma lililofuata alimtuma mwanawe kudai kijiko chake.

Siku ya tatu baba alifumbua kinywa,
mara ya kwanza tangu kinu kinyamaze:
"Lempi," alisema, "sukari ilikuwa tamu."

Sasa nina themanini na saba.
Serikali imeliondoa gome madukani;
usalama wake, wamesema, haukuthibitishwa na yeyote.
Sibishani nao. Nilikuwepo.
Muuguzi huniletea kidonge cheupe
ndani ya kikombe cha karatasi,
na kila jioni namuuliza, kilivunwa lini?
Yeye, mtoto wa watu, hugeuza chupa kwenye taa
akanionyesha kwa kidole
siku kitakayoharibika.